Kinyozi na Pijo la Baba Mkwe

Bati na nywele ni kitu kimoja, alisema Monji. Unakata palipooza, unaacha palipo pazima, halafu unalainisha kingo. Tofauti ni moja tu: bati halinung'uniki likijiona kwenye kioo.

Aliyekuwa akiambiwa maneno hayo alikuwa mteja mwenye povu la sabuni mpaka masikioni na wembe ukimpita kooni, kwa hiyo alikubali. Karibu kila jambo alilolisema Monji katika duka lake la kunyolea, pale Barabara ya Gremda mjini Sfax, lilikubaliwa kwa namna hiyo. Miaka mingi ya kuzungumza na watu wasioweza kutikisa kichwa ilikuwa imempa imani kubwa sana na akili zake. Alikuwa ameshamaliza, kwa mdomo, tatizo la maji ya mji, tatizo la timu ya mpira na tatizo la bei ya pweza. Sasa alikuwa amehamia kwenye magari.

Gari lenyewe lilikuwa Pijo 404 pikapu, mali ya baba mkwe wake, Mzee Khmais. Lilikuwa likibeba zeituni za familia tangu Radhia, mke wa Monji, hajaota meno. Injini ilikuwa bado nzima, ikiguna asubuhi kama mzee anayetafuta kandambili zake, lakini bodi ilikuwa imeliwa na kutu. Ukikaa upande wa abiria uliiona lami ikipita chini ya viatu, na mvua ikinyesha ulinawa miguu bila kuombwa. Vizingiti vya milango, vile vya chini unavyovivuka ukipanda, vilikuwa vimebaki kama mkate mkavu: vinaonekana vipo mpaka uviguse.

Mzee Khmais alikuwa amelipeleka kwa Fundi Shedli, fundi bodi anayeheshimika kuliko wote upande ule wa mji. Shedli akamwambia alirudishe baada ya mavuno, kwa sababu msimu wa zeituni kila mtu hukumbuka kwamba ana gari, na foleni ilikuwa imefika barabarani. Mzee alilisimulia hilo Jumapili, familia nzima ikiwa imezunguka sinia la kuskusi ya samaki.

"Kunifikisha kwenye kinu cha mafuta litanifikisha," alisema. "Sijui kama litanirudisha."

Hapo ndipo Monji alipoweka kijiko chini.

Ni lazima mtu amwelewe Monji. Katika miaka yote ya ndoa yake, baba mkwe hakuwahi kumwomba kitu chochote ila kupunguzwa nywele. Mkwe mwingine alimtengenezea mzee pampu ya kisima, na mpaka leo kila maji yalipotoka jina lake lilitajwa. Mwingine alikuwa na rafiki bandarini. Monji aliitwa mtu wa mikasi. Mzee hakuwa na nia mbaya; alimpenda kama mtu anavyompenda paka wa nyumbani, bila kumtegemea kwa lolote. Na hilo lilimkaa Monji kooni kuliko mwiba wa samaki.

"Baba, hilo gari niachie mimi."

Mzee Khmais akatazama kulia, akatazama kushoto, kuona ni nani aliyesema.

"Niachie mimi niunge hizo bati. Siku mbili tatu tu."

"Wewe umewahi kuchomelea?"

"Kuchomelea ni nini, baba? Ni moto, na mkono usiotetemeka. Mkono huu unapita kwenye makoo ya watu kila siku. Umesikia nimeua mtu?"

"Bado," alisema Radhia, akimwongezea baba yake kipande cha samaki.

Mzee alicheka, halafu akaangalia mvua dirishani, halafu akaliangalia gari lake chini ya mlozi, na kwa unyonge wa mtu asiye na njia nyingine akasema, "Haya. Lakini Jumamosi alasiri ni zamu yangu kinuni. Zeituni zikilala kwenye magunia zinapata joto, mafuta yanachacha. Mwaka mzima wangu uko kwenye hayo magunia, mwanangu."

Mwanangu. Monji alirudi nyumbani akitembea kama aliyetunukiwa nishani.

Kesho yake alikwenda kununua vifaa.

Duka la vifaa lilikuwa la Naziha, mwanamke mpana, mtulivu, aliyelirithi kwa baba yake na aliyekua mtaa mmoja na Monji. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Ni mara yako ya kwanza?"

"Kukata nimekata sana," alisema Monji.

Naziha akaanza kupanga vitu juu ya meza. Grinda ndogo ya kushika kwa mkono mmoja. Diski nyembamba za kukatia. Mkasi wa bati. Vibanio vya chuma vya kushikilia vipande visisogee. Na mashine ndogo ya kuchomelea, ile yenye waya mwembamba unaojitokeza wenyewe kwenye bunduki yake, isiyo kubwa kuliko sanduku la safari.

"Kwa bodi ya gari, hivi vinakutosha," alisema. "Ni vya kuanzia."

Laiti asingelisema neno hilo la mwisho. Monji aliirudia grinda ile kwa macho, akaiinua kwa vidole viwili.

"Hii ni ya kukatia kucha, dada Naziha."

"Ni ya kukatia bati."

"Na hii mashine, naona ni ya wanafunzi. Mimi nitaonekanaje, mtu mzima, nasukuma waya kama nafuma sweta? Ile pale ni nini?"

Ile pale ilikuwa kwenye kona, imefunikwa turubai. Ilikuwa mashine ya kuchomelea kwa vijiti vya chuma, yenye magurudumu, kubwa kama jiko la harusi, iliyoagizwa na mkandarasi fulani ambaye hakurudi kuichukua. Juu yake ililala grinda ya mikono miwili ambayo mtu akiiwasha ni lazima kwanza apanue miguu.

"Hizo ni za kuungia mageti na vyuma vya meli, kaka Monji. Bati la gari ni jembamba. Ukiligusa na hiyo mashine halitaungika, litatoboka."

"Litatoboka kwa asiyejua. Mashine kubwa hufanya kazi kubwa polepole, na kazi ndogo haraka."

Naziha alimpokea ile grinda ndogo, akairudisha mezani.

"Hayo umeyatoa wapi?"

"Ni yangu mwenyewe."

"Nilidhani." Akajaribu mara ya mwisho. "Sikiliza. Chukua hii ndogo, nitakupa na vipande vya bati bovu. Kaa navyo kwanza, jifunze. Ukishaweza kuunga viwili bila kutoboa, ndipo uliguse gari la mzee wa watu."

"Mimi sikujifunza kunyoa kwa kunyoa mbuzi."

"Ndiyo, ulijifunza kwa kumnyoa kaka yangu. Mpaka leo anavaa kofia."

Monji alikuwa tayari anavuta turubai. Alinunua jitu lile la magurudumu, na grinda ya mikono miwili, na vijiti vinene kuliko vyote. Vibanio alivikataa, alisema ana magoti. Glovu nazo alizikataa, akisema zinaziba hisia za mkono. Kitu pekee alichokichagua kwa uangalifu kilikuwa ngao ya uso: akaacha za kawaida zote, akachukua iliyochorwa tai mwenye mdomo wazi. Mzigo wote ukafungwa kwa kamba nyuma ya pikipiki yake, na akaondoka dukani huku gurudumu la mbele likiigusa barabara pale tu lilipojisikia.

Alhamisi asubuhi, familia ikiwa shambani kuangua zeituni na mzee akilala hukohuko mpaka Jumamosi, Monji alilisukuma Pijo mpaka katikati ya uwanja wa nyumba ya mzee, akachomeka waya wa mashine, akawasha.

Nyumba nzima ilivuta pumzi ikanyamaza. Friji ilikufa, redio ya jikoni ilikatika katikati ya taarifa ya hali ya hewa, na ng'ambo ya ukuta jirani akauliza kwa sauti kwani kuna nini. Monji akaenda kwenye mita, akairuka kwa kipande cha waya kinene ile swichi inayokata umeme ukizidi, akaridhika. Tatizo la kwanza lilikuwa limekwisha kabla ya chai.

Kisha akaishika ile grinda.

Kwa haki, ikumbukwe kwamba alianza vizuri. Alikata kizingiti cha kushoto palipokuwa na kutu, cheche zikaruka kama fataki za harusi, na bati bovu likaanguka chini. Monji akarudi nyuma hatua kadhaa, akakunja jicho moja, na hapo ukinyozi wake ukamponza. Aliona upande wa kulia umekuwa mrefu kuliko wa kushoto. Akaenda kulia, akakata. Sasa wa kushoto ulikuwa umezidi kidogo. Akarudi kushoto, akapunguza kidogo tu, pembeni. Akarudi kulia. Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti cha Monji anajua jambo hilo linavyokwenda na linavyoishia. Ilipofika adhuhuri, Pijo la Mzee Khmais lilikuwa limenyolewa vizingiti vyote viwili, na sehemu kubwa ya sakafu, kwa usawa wa kupendeza kabisa.

Ndipo gari likatoa mlio mdogo, kama mtu aliyekaa vibaya, na likalegea katikati.

Kumbe vizingiti ndivyo vilivyokuwa vimelishika tumbo. Mtu mwingine angetanguliza mihimili ya kulizuia lisishuke kabla ya kukata, lakini Monji hakuwahi kuona kichwa kikishuka baada ya kunyolewa. Alipojaribu kufunga mlango, uligota chini ukabaki wazi. Alipojaribu wa pili, nao vivyo hivyo. Alikaa juu ya ndoo akaiangalia ile milango miwili iliyoning'inia.

Ijumaa ilikuwa siku ya kuunga. Naziha alikuwa amesema litatoboka, na lilitoboka. Kijiti kilipogusa bati, pa kushikana hapakuwepo, palibaki tundu. Monji akaweka moto pembeni ya tundu ili alizibe, tundu likaongezeka. Tundu lililoanza kama kifungo cha shati likawa kama kikombe, kikombe kikawa sahani, na ile sahani ilipokutana na sahani ya jirani yake, cheche ikapita ikatua kwenye sponji la kiti. Radhia, aliyekuwa amerudi kuchukua mikate, alimkuta mumewe akiupiga moto kwa ngao ya tai. Akaumwagia ndoo ya maji ya kuoshea mboga, moto na mume kwa pamoja.

"Monji," alisema, "nenda kamwambie baba ukweli. Leo bado mapema, atatafuta gari lingine."

"Ukweli gani? Kazi inakwenda."

"Inakwenda wapi?"

Macho ya Monji yalikuwa mekundu kama pilipili, kwa sababu alipenda kuinua ngao kidogo kuona kama mstari umenyooka. Usiku ule aliyafunga kwa vipande vya viazi vibichi, akalala akiwaza. Angekwenda kusema. Alishayapanga hata maneno. Lakini kila alipofika kwenye neno la kwanza, ambalo ni "baba", alikumbuka vile alivyoitwa mwanangu, na maneno mengine yakatawanyika.

Jumamosi akaamka na mpango mpya. Akaweka jeki chini ya tumbo la gari, akalipandisha taratibu mpaka milango yote miwili ikakubali kufunga. Alikuwa ameomba mabati manene ya geti bovu kwa jirani, na chuma kinene, aligundua, hakitoboki. Basi angeingia ndani, afunge milango ili gari likae kwenye umbo lake, apitishe waya kwenye upenyo wa kioo, kisha aunge vizingiti vipya kutokea ndani. Mpango haukuwa wa kijinga sana. Akaweka mashine kwenye nguvu ya mwisho, akajikunja mle ndani na tai wake, akaanza upande wa kulia.

Na kazi ikakubali. Kijiti kilikaanga kwa sauti tamu, kama samaki wanaogeuzwa kwenye mafuta yaliyoiva, mstari ukatambaa nyuma yake umejaa, umenyooka, unang'aa. Monji alisahau moshi, akasahau mgongo. Alimaliza kulia, akageukia kushoto, akaunga kwa furaha ya mtu aliyepata kipaji ukubwani. Alipofika mwisho kabisa, mita ya umeme pale ukutani ililia paa, ikatoa moshi mweusi, na kila kitu kikazimika.

Haikumhuzunisha. Alikuwa amemaliza. Akavua ngao, akajifuta jasho, akavuta kitasa cha mlango atoke akaione kazi yake kwa mbali.

Mlango haukusogea. Akausukuma kwa bega. Akahamia upande wa pili, akausukuma kwa miguu yote miwili. Kisha akainama, akatazama ule mstari wake mzuri ulionyooka, na akaona kwamba mle ndani ulikuwa umepita chini kabisa, ukaukamata kizingiti, bati la geti na mlango wenyewe, ukavifanya kitu kimoja. Pande zote mbili.

Radhia alikuja kumwita. "Toka ule."

"Nakuja."

Akasubiri. "Monji, fungua mlango."

"Naukagua kwanza."

Radhia akasogea, akashika kitasa cha nje, akavuta. Akamtazama mumewe kupitia kioo, mumewe akatazama usukani.

"Ee Mola wangu," alisema Radhia polepole, na akaenda kukaa juu ya ile ndoo, akicheka.

Mzee Khmais alifika kutoka shambani na magunia ya mwisho. Alilizunguka gari, akaona limesimama wima, milango imefungwa, na uso wake ukaanza kuchangamka.

"Mashaallah, mwanangu. Shuka nikupe mkono."

"Baba," alisema Monji kupitia upenyo wa kioo, "gari limeimarika sana."

"Naona. Shuka basi."

"Hilo la kushuka ndilo bado sijalimaliza."

Ilichukua muda mzee kuelewa. Alijaribu mlango mmoja, akajaribu mwingine. Kioo cha dereva kilikuwa kimegoma katikati tangu zamani, cha abiria kimegoma juu kabisa, na Monji, kwa upana wake, hakuwa mtu wa kupita nusu dirisha. Kuvunja kioo mzee alikataa katakata. Kioo cha gari lile hakipatikani tena hata kwa kuota. Kukata mlango hakukuwezekana, diski zote za ile grinda zilikuwa zimevunjika na umeme haukuwepo. Gari lingine la kukodi msimu ule lisingepatikana, hata punda walikuwa na miadi.

Mzee akayatazama magunia, akalitazama jua lilivyofika, akamtazama mkwewe.

"Injini inawaka?"

"Inawaka, baba."

"Basi washa."

Ndivyo walivyoondoka. Monji akiendesha, macho mekundu, masizi mpaka kwenye nyusi. Mzee juu ya magunia nyuma, mkono mmoja umeshika kofia. Radhia akifuata kwa pikipiki. Hawakuwa wamefika mbali sakafu ya upande wa abiria, ile aliyoishikiza kidogo Ijumaa, ilipochomoka ikaanguka barabarani kwa mlio wa sinia. Radhia aliiokota, akaifunga nyuma yake. Monji alichungulia tundu lililobaki, akapima kwa macho kama lingemtosha kutokea, akajipima tumbo, akaendelea kuendesha.

Kwenye mzunguko wa barabara askari wa trafiki akanyoosha mkono.

"Shuka," alisema.

"Siwezi, afande."

"Unakataa amri?"

"Mimi sikatai. Mlango ndio unakataa."

Askari alivuta kitasa. Akazunguka, akavuta kingine. Akainama, akaona lami kwenye tundu la sakafu, kiti kilichoungua, na viatu vya dereva. Alipoinuka sauti yake ilikuwa imebadilika, kama ya mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Nani amekufungia humu?"

Monji alikohoa. Kutoka juu ya magunia mzee akajibu, "Huyo ni mkwe wangu, afande."

"Nimeuliza nani amemfungia."

"Nimeshajibu."

Askari alifikiri. "Sasa ukipata ajali utatokaje?"

"Afande," alisema Monji, "hata nisipopata sijui nitatokaje."

Honi zilikuwa zimeanza nyuma. Askari alitazama zile zeituni, akakumbuka pengine mama yake naye anasubiri mafuta mapya, akashusha mkono. "Mpeleke kinuni, mzee, halafu moja kwa moja kwa fundi. Na mwendo wa maiti, tafadhali." Akayasimamisha magari ya pande zote, Pijo likapita peke yake katikati ya mzunguko, polepole, kama la bwana harusi.

Waliiwahi zamu. Zeituni zikapimwa, zikaoshwa, zikaingia kwenye jiwe la kusagia, na harufu ya mafuta mabichi ikajaa uwanja mzima wa kinu. Wakulima walishuka kwenye magari yao, wakakaa kwenye jua na mikate ya moto. Waliomwuliza Monji kwa nini hashuki aliwajibu kwamba analinda gari. Aliwaona wakila. Hakuna aliyemtegemea kwa lolote, alijiambia, na sasa wana sababu.

Mzee Khmais alikuja na kipande cha mkate kilicholoa mafuta mapya, akakipenyeza kwenye upenyo wa kioo.

"Kula. Ni ya shamba letu."

Monji akakipokea. "Baba, umenikasirikia?"

"Nilikasirika mpaka kwa yule askari. Pale nikaanza kucheka, na nikishacheka siwezi tena kukasirika, tumbo halikubali." Akaegemea mlango. "Kwa nini hukusema tangu Ijumaa?"

"Nilitaka uwe na kitu cha kunitajia."

Mzee alitafuna mkate wake. "Sasa ninacho," alisema. "Cha mpaka kufa."

Jua likielekea kuzama wakafika karakana ya Fundi Shedli. Shedli alikuwa mtu mfupi, asiyecheka, aliyekuwa karibu kufunga. Alilizunguka Pijo, akachutama, akapitisha kidole hapa na pale. Alipoinuka alikuwa amekunja uso.

"Nani amefanya kazi hii?"

Monji alifungua mdomo. Mzee Khmais akamwahi.

"Fundi mmoja. Wa mji wa Gabes."

"Yuko wapi?"

"Amehama."

"Afadhali," alisema Shedli. Akamtazama Monji mle ndani. "Na huyu?"

"Huyu ni mkwe wangu. Alikuwa amekaa tu humo, fundi akamuunga."

Monji alimtazama mzee. Katika miaka yote hakuna mtu aliyewahi kumdanganyia kwa upole namna ile.

Shedli akawasha grinda yake ndogo akaanza kukata, na kila alipokata alisema. Mtu huyu wa Gabes ameunga bati kwa vijiti vya geti. Hapa ametoboa. Hapa ameziba tundu kwa tundu jingine. Hapa hata sijui alikuwa anafikiria mkewe au nini. Monji mle ndani alitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Watu wengine hawana aibu, fundi," alisema.

"Hawana."

"Angeacha tu, akatafuta kazi anayoiweza."

"Ndiyo hivyo."

Radhia aligeuka akaelekea barabarani, mabega yakimtikisika.

Kisha Shedli akafika kwenye mlango wa dereva, na diski ikagoma. Akabadilisha nyingine. Nayo ikaisha. Akazima mashine, akasukuma miwani yake juu ya paji la uso, akasogeza taa, akautazama ule mstari mwanzo mpaka mwisho.

"Lakini hapa," alisema mwishowe, "hapa, lazima niseme haki. Hapa moto umeingia ndani. Mstari umenyooka kama uzi. Wanaojifunza kwangu hawajafika hapa. Huyu wa Gabes, kwa hapa tu, alikuwa na mkono."

Mzee Khmais alimtazama Monji kupitia kioo na kutikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayemwonya mtoto mbele ya wageni. Monji alikaza midomo. Akatazama paa la gari. Akatazama usukani. Mlango ulipotoka alitoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akanyooka, mifupa ikalia. Akavuta shati lake likae sawa. Akameza mate. Kila mtu aliona jinsi alivyojitahidi.

"Siri," alisema, "ni kutokikimbiza kijiti. Unakiacha kijiendee, mkono unafuata tu."

Shedli aliyekuwa ameinamia vifaa vyake akainuka taratibu.

Mzee Khmais alikaa kwenye bampa, akauficha uso kwa viganja.

"Nimemhamishia Gabes," alisema, "na bado amerudi."